Usiache mbachao: siku kumi za kwanza na simu mpya

WAHENGA wetu walipotuachia ile methali ya kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda, walikuwa hawajaiona simu ya mkono. Lakini mimi, baada ya kukaa na simu mpya kwa siku kumi, naona methali ile yafaa kuandikwa juu ya kila sanduku la simu linalouzwa mjini Mombasa.

Nisidhaniwe kwamba mimi ni katika wale wazee wanaotukana kila kitu kilichotoka kiwandani. La. Simu nimeinunua mwenyewe, kwa pesa zangu na kwa hiari yangu. Ile ya zamani nilikuwa nayo tangu mwaka 2017. Kioo chake kilikuwa na ufa toka pembe hadi pembe, betri yake ilikuwa haifiki adhuhuri, na kila nikitaka kupiga picha huniambia kwamba nafasi imekwisha. Watoto nyumbani walikuwa wakiicheka. Binti yangu aliniambia, "Baba, simu yako ni kama jahazi livujalo. Kutwa wewe ni kukumba maji tu." Neno lile likaniingia, nikaona heri nitafute jahazi jipya.

Alhamisi moja baada ya alasiri nikenda katika duka moja la mjini. Kijana aliyekuwapo, mwenye adabu yake, alinionyesha simu tatu nikachagua moja. Kisha akaniambia, "Hiyo yako ya zamani tuachie, mzee. Tutaitoa vipuri, na wewe tutakupunguzia shilingi elfu mbili." Nikaona ni biashara nzuri. Akaitoa laini yangu, akaitia katika simu mpya, akagusa hapa akagusa pale, akaziunganisha simu mbili kwa waya, na kabla ya magharibi nikatoka nimeishika simu mpya mkononi mithili ya mtu aliyetoka posa. Ya M-Pesa niliyoiogopea ikawa si chochote, kwani pesa hufuata laini, hazikai ndani ya simu. Majina ya watu yote yalikuwamo. Na maneno ya WhatsApp ya miaka nayo niliyaona yamo.

Nilimshukuru Mungu. Sikujua kwamba nimeacha mbachao kwa msala upitao.

MFUKO, KIDOLE NA USO

Jambo la kwanza nililoliona ni ukubwa. Mafundi wetu wanaoshona kanzu huutia mfuko ubavuni kwa kadiri ya tasbihi, leso na funguo. Simu hii huingia nusu. Ukirukuu yachungulia, ukisujudu yataka kukutangulia. Siku ya kwanza msikitini ilianguka kwa kishindo katika rakaa ya pili, na maamuma wa kuliani kwangu nina hakika aliipoteza Tahiyatu yake.

La pili ni kufuli. Simu hii hufunguka kwa alama ya kidole, na ni jambo zuri, kwa kuwa kidole hakisahauliki nyumbani. Lakini haipendi kidole chenye maji. Mtu akitoka kutawadha, akataka kuizima sauti kabla ya kuingia msikitini, simu humkana kama asiyemjua. Hufunguka pia kwa uso. Kwangu mimi uso umekubali, lakini mke wangu alipotaka kuijaribu kwa simu yake hali amevaa ninja, simu ikamwambia haimtambui. Akasema, "Alhamdulillahi. Hata mashine yajua kwamba huu si uso wa kutazamwa na kila mtu." Tukacheka sote.

Waya wake ni wa namna nyingine, ncha yake yaingia upande wowote, na hilo ni afueni kwa mtu ambaye macho yake yameanza kudai miwani. Ila sandukuni sikukuta kichwa cha kuchomeka ukutani. Hicho wakinunue wenyewe wenye simu.

KIBLA

Nilitia programu ya nyakati za sala na kibla, kama wafanyavyo wengi. Nikaiweka simu juu ya meza nyumbani, mshale ukazunguka, kisha ukasimama umeelekea baharini. Nikaustaajabia. Sisi watu wa Mombasa kibla chetu hatukitafuti. Makka na Mombasa ziko takriban katika mstari mmoja wa longitudo, Makka katika nyuzi 39.8 na Mombasa katika nyuzi 39.7, kwa hivyo anayesimama hapa akaelekea kaskazini halisi amekielekea kibla, na tofauti yake haifiki hata nusu ya daraja moja. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, haukupimwa kwa simu. Wajenzi wake walikuwa watu wa bahari na nyota.

Sasa je, niamini mihrabu za wazee au niamini mshale? Nikauchunguza ule mshale. Ndani ya simu mna kipande kidogo kinachohisi sumaku ya ardhi, nacho ndicho dira yake. Na kava niliyouziwa dukani, ile inayofunika mbele na nyuma kama jalada la msahafu, hujifunga kwa sumaku! Nikaivua kava, nikaizungusha simu hewani kwa mfano wa namba nane kama inavyoelekezwa, na mshale ukarudi kaskazini, kwenye mihrabu ya wazee. Kwa hivyo ndugu yangu, ikiwa umebadilisha simu hivi karibuni na kibla chako kimehamia Malindi, usigombane na imamu. Vua kava kwanza.

Na jingine. Siku mbili mfululizo niliona adhana ya alasiri katika simu yachelewa karibu saa nzima nyuma ya ile ya msikiti wa mtaani. Kumbe programu imekuja imewekwa kwa madhehebu ya Hanafi, ambayo alasiri yao huingia kivuli cha kitu kikifika mara mbili ya urefu wake, bila ya kuhisabu kile kivuli cha adhuhuri. Sisi Mashafii alasiri yetu huingia kikifika mara moja. Mahali pa kubadilisha mpo, lakini mashine haikuulizi wewe ni nani. Ni lazima wewe uiambie.

NDIA NA INDIA

Hodari wa simu hizi ni kujifanya zajua lugha. Ukiandika neno, nayo yakusahihisha. Lakini Kiswahili ilichofundishwa si hiki cha kwetu. Sisi watu wa Mvita twasema mato, twasema mtele, twasema ndaa na ndia. Siku ya tatu dada yangu aliyeko Lamu aliniuliza kwa maandishi niko wapi. Nilikuwa katika gari naelekea Kilifi, nikamwandikia kwamba nimeshika ndia. Simu ikaligeuza neno, nami sikuangalia, nikatuma.

Baada ya dakika moja dada akapiga. Sauti yatetemeka. "Kakangu, umeshika India? Wenda kutibiwa nini, na kwa nini mmenificha?"

Na si wa kulaumiwa, kwa kuwa watu wetu wangapi wamekwenda huko kwa maradhi ya moyo na figo, na khabari huwafikia jamaa mwisho? Ilinichukua muda kumtuliza. Jioni ile ile nikaiondoa ile mashine ya kusahihisha. Kiswahili changu na kikosee kwa makosa yangu mwenyewe.

Lakini kuna kheri moja niliyoikuta hapo hapo kwenye herufi. Mtu aweza kuongeza kibao cha herufi za Kiarabu, na ukiikandamiza kwa muda ile herufi ya ba hukutolea pa, jimu hukutolea cha, fa hukutolea va, na kafu hukutolea ga. Yaani zile herufi ambazo waandishi wetu wa zamani walikuwa wakihangaika nazo zimo tayari. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyefundisha London, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya namna ya kukiandika Kiswahili kwa herufi hizo bila ya kumpoteza msomaji. Nikasema moyoni, laiti mama angalikuwa hai akaiona.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka mama, nikenda kumtafuta.

SAUTI

Marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakusoma herufi za Kizungu. Alisoma Kurani, na aliweza kusoma barua iliyoandikwa kwa herufi za Kurani. Sisi tulipokuwa wadogo, katika miaka ya sabini, alikuwa akipeleka salamu kwa nduguye aliyekuwa Arabuni kwa kaseti. Huketi mbele ya redio usiku, watoto tukanyamazishwa, akasema upande wa kwanza wote, na upande wa pili tukaachiwa sisi tutoe salamu zetu. Kaseti hupewa msafiri. Jawabu yaweza kuchukua miezi mitatu.

Ndiyo maana WhatsApp ilipokuja, na mama akaonyeshwa kile kitufe cha kukandamiza ukasema, hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Kwake ilikuwa ni kaseti isiyongoja msafiri. Kila asubuhi nikapata sauti yake. Je, umesali? Je, mtoto amepona kikohozi? Usisahau kwamba leo ni Ijumaa, soma Suratul-Kahf. Na baadhi ya nyakati, usingizi ukimpaa, alinitumia vipande vya Utendi wa Mwana Kupona, alivyohifadhi kwa mamake huko Lamu. Mwana Kupona aliutunga utendi ule mnamo mwaka 1858 kumuusia binti yake, na mama akiusoma ungedhani yeye ndiye aliyeusiwa. Mama alituondokea mwaka 2021.

Basi usiku ule wa siku ya tatu, nikiwa na simu yangu mpya, nikayafungua mazungumzo yake. Maneno yote yapo. Tarehe zipo. Zile alama za sauti zipo, moja baada ya moja. Nikagusa moja, haikulia. Nikagusa ya pili, haikulia. Ya tatu simu ikaniandikia maneno ambayo maana yake ni kwamba kitu hiki hakipo, tafadhali mwombe aliyekutumia akutumie tena.

Nilikaa kitako juu ya kitanda. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumjibu. Nimwombe aliyenitumia anitumie tena!

DUKANI

Asubuhi nilikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa. Yule kijana aliponiona alidhani nimekuja kurudisha simu. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza na yeye, nami nayaandika hapa ili yamfae mwengine.

Mazungumzo ya WhatsApp, alisema, huwekwa mahali pawili mbalimbali ndani ya simu. Maneno yaliyoandikwa hukaa katika daftari moja, na daftari hilo ni dogo. Picha na sauti hukaa nje ya daftari hilo, katika makabati yao mbali. Nakala ya akiba ambayo simu hujifanyia usiku ndani ya tumbo lake ni ya lile daftari peke yake. Ile nakala kamili, yenye picha na sauti, katika simu kama yangu huwekwa katika akiba ya Google huko hewani, na akiba hiyo ya bure mwisho wake ni gigabaiti 15, ambazo zangu zilikuwa zimejaa zamani, nami kila nikiletewa onyo nilikuwa nikilifuta. Yeye siku ile alikuwa na haraka, akahamisha daftari akaacha makabati. "Samahani sana, ami," akasema, "nilifikiri ni maneno tu unayoyataka."

Sikumkasirikia. Kosa kubwa lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kilichomo. Nikamwuliza swali moja tu: simu yangu iko wapi?

Akavuta droo. Mlikuwa na simu kama thelathini, zimelaliana kama samaki chanoni. Nyingine zimekwisha kufunguliwa mgongo. Alizipekua moja moja, nami nikisoma kimoyomoyo kila duwa niliyofundishwa chuoni. Yangu ikatoka chini kabisa, na ule ufa wake toka pembe hadi pembe. Sijapata kuufurahia ufa kama siku ile. Fundi alikuwa aje kuichukua Jumatatu.

Akaitia chaji. Ikakaa nusu saa imekufa, kisha ikawaka. Akaiunganisha na kompyuta, akafungua kabati la sauti, na zikatokea faili kwa mamia. Hazina jina la mtu. Kila moja ina herufi tatu, kisha tarehe yake, mwaka na mwezi na siku, kisha namba. Sauti ya mama imechanganyika na sauti za mafundi wa bomba, wanakamati wa msikiti, na madeni ya watu. Nilimrudishia elfu mbili zake nikaichukua simu yangu na mbachao wangu.

KILICHOPATIKANA NA KILICHOPOTEA

Usiku nne mfululizo baada ya isha tulikaa mimi na binti yangu tukizisikiliza. Tulimpata mama mara 63. Wakati mwingine asema maneno mawili tu, "Umeshafika?" Wakati mwingine nyuma yake wasikia kuku, na adhana ya Lamu, na mtu apiga hodi. Sauti yenyewe nilikuwa naikumbuka. Nilichokuwa nimekisahau ni namna anavyovuta pumzi kabla ya kuanza kusema.

Lakini si zote. Utendi ule alinitumia kwa vipande vitano, na vilivyopatikana ni vinne. Kipande cha tatu hakimo. Nilikitafuta hadi nikakumbuka: mwaka 2020, simu ikilalamika kwamba nafasi imekwisha, nilikaa nikafuta sauti ndefu ndefu ili nipate kuweka picha za harusi. Nilifuta kwa mkono wangu huu. Hapana duka wala fundi wa kumlaumu.

Nikampigia dada yangu Lamu, nikamweleza. Akanyamaza. Kisha akaanza kusoma. Alianzia pale kipande cha pili kilipoishia, akaendelea ubeti kwa ubeti kwa mahadhi yale yale ya mama, hadi akafika pale kipande cha nne kinapoanza. Kumbe yeye alikaa akausikia ukisomwa jikoni miaka yote ile, na mimi nilikaa nikajua kwamba ninao ndani ya simu.

Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akituambia kwamba elimu ni iliyo vifuani, si iliyo mistarini. Wakubwa zetu waliandika sura juu ya ubao kwa wino, na mtu akishaihifadhi, ubao huoshwa ukaandikwa sura nyingine. Hakuna aliyeulilia ubao. Tena tukumbuke Muyaka bin Haji, ambaye alifariki mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake twayasoma leo kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa nayo vifuani zaidi ya miaka arubaini baada ya kufa kwake, na Mwalimu Sikujua akayakusanya kutoka kwao, akayaandika na kumfasiria W. E. Taylor. Hata diwani ilipopigwa chapa mwaka 1940, miaka mia ilikuwa imepita. Bila ya vifua vile, kungekuwa na nini cha kupiga chapa?

Lakini nisemapo hivi sisemi tuzitupe simu. Sauti 63 za mama hazikuwa kifuani mwa mtu yeyote, na zimeokolewa na waya na kompyuta. Kifua na chombo vyafaa kusaidiana. Kwa hivyo msomaji wangu, kabla ya kuiacha simu yako ya zamani dukani, fanya mambo matatu. Kwanza, usiiachie siku ile ile. Ikae nyumbani mwezi mmoja, hata ukikosa elfu mbili. Pili, fungua mazungumzo ya wale waliotangulia mbele ya haki, uguse sauti moja moja katika simu mpya usikie kama zalia. Tatu, zile ambazo hungependa zipotee ziweke mahali pengine pawili, na uzitie majina, kwa kuwa tarehe tupu haitamwambia mjukuu wako ni nani asemaye.

Na la nne, ambalo halihitaji mashine: mpigie dada yako.

Mimi sasa kila usiku naandika utendi kama alivyousoma mama, kwa herufi za Kiarabu, katika simu hii mpya, na kile kipande cha tatu nakiandika kutoka kinywani mwa dada. Maneno yake yapitana kidogo na yaliyomo vitabuni, nami nayaacha yalivyo. Mjukuu wa dada, msichana wa miaka tisa, ameanza kuyahifadhi. Simu ya zamani imo sandukuni, imefungwa ndani ya kipande cha leso. Nami nafunga kwa ubeti huu mmoja, ulionijia usiku wa nne:

Nakushukuru Jalia, sauti hukuifuta,
Ya mama alonilea, na leo nimeipata,
Simu mpya huchakaa, na kesho tutaziwata,
La moyoni husalia, hata zama zikipita.